HOFU NA UJASIRI: KIPIMO CHAKE NI KIPI?

Keko, katika Wilaya ya Temeke jijini Dar es Salaam, hujulikana sana kwa kazi ya useremala. Kandokando ya Barabara ya Chang'ombe na katika vichochoro vilivyo nyuma yake mafundi hupasua mbao, hupiga randa, na kuunganisha vitanda, makabati, meza na makochi yanayouzwa kote mjini. Katika karakana nyingi chombo kinachoheshimiwa kuliko vyote ni msumeno wa mviringo uendeshwao kwa umeme. Meno yake huzunguka kwa kasi hata hayaonekani, na ubao wa mninga hugawanyika vipande viwili kwa muda wa pumzi chache. Kidole kikiteleza mbele ya meno hayo, nacho hukatika vivyo hivyo.

Kijana anayeanza kujifunza kazi hiyo husimama mbele ya msumeno akiwa na hofu, na fundi mwenye busara hamcheki. Anajua kwamba wanafunzi wa kazi ni wa namna tatu. Wa kwanza huogopa, akaiacha mashine, asijifunze kamwe. Wa pili haogopi kitu. Hupitisha mkono ovyo, na siku moja hurudi nyumbani amefungwa bendeji. Wa tatu huogopa, lakini hutuliza mkono, huusukuma ubao kwa kijiti badala ya kidole, akaimaliza kazi. Je, katika hao watatu ni yupi aliye jasiri? Swali hili laonekana jepesi. Hata hivyo limewashughulisha wataalamu wa mwili na wa nafsi kwa zaidi ya miaka mia moja, na jibu lake lamhusu kila mwalimu na kila mwanafunzi wa sekondari.

Maneno yetu yasemavyo

Yafaa kuanza na lugha yenyewe. Kiswahili kina maneno mawili, hofu na woga, ambayo mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Lakini hofu ni hali impatayo mtu, ikaja na kuondoka. Woga aghalabu ni tabia ya mtu aliyezoea kuitii hofu. Kwa hiyo mtu aweza kushikwa na hofu bila ya kuwa mwoga.

Wahenga nao hawakuidharau hofu. Walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii hunena kwa ajili ya yule ajihadhariye. Upande wa pili kuna msemo wa kupiga moyo konde. Ukiutazama vizuri, msemo huu una maana kubwa. Moyo unaohitaji kupigwa konde ni ule ambao tayari unatetemeka. Moyo uliotulia hauna haja ya konde. Basi katika msemo huo ushujaa haukutenganishwa na hofu, bali umewekwa juu yake.

Hofu ni nini mwilini?

Mwanafunzi anapoitwa ghafla kusimama mbele ya darasa, moyo huenda mbio, kinywa hukauka, viganja hutoka jasho, na tumbo huwa kama limefungwa fundo. Mambo haya yote yana asili moja.

Ndani ya ubongo, kulia na kushoto, mna sehemu mbili ndogo zenye umbo la lozi ziitwazo amigdala. Kazi yao mojawapo ni kutambua dalili za hatari. Amigdala zikiipata dalili hiyo hupeleka habari kwenye sehemu iitwayo haipothalamasi, nayo huamsha mishipa ya fahamu isiyotawaliwa na hiari yetu. Mishipa hiyo hufika hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya mafigo. Papo hapo tezi hizo humwaga adrenalini katika damu. Kemikali hii ilitengwa kwa mara ya kwanza ikiwa safi mwaka 1901 na mwanakemia wa Japani, Jokichi Takamine, alipokuwa akifanya kazi Marekani.

Adrenalini, pamoja na mishipa hiyo ya fahamu, hulitayarisha umbo zima kwa kazi nzito. Moyo hupiga upesi zaidi. Ini hutoa sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu. Damu huelekezwa zaidi kwenye misuli ya miguu na mikono, na tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula. Ndiyo maana tumbo husokota. Mboni za macho hupanuka, na mate hupungua. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mabadiliko hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1915. Alionyesha kwamba mwili hujiweka tayari kwa mojawapo ya mambo mawili: kupigana au kukimbia.

Jambo la kukumbuka ni kwamba hatua hizi zote hutokea kabla mtu hajaamua lolote. Hakuna achaguaye moyo wake uende mbio, kama ambavyo hakuna achaguaye kupiga chafya. Kwa sababu hiyo kumlaumu mwanafunzi kwa kuwa ameshikwa na hofu ni sawa na kumlaumu kwa kutoka jasho juani.

Mtu asiyejua kuogopa

Watu wengi hudhani kwamba shujaa ni yule asiyeogopa kabisa. Sayansi imepata nafasi ya kumchunguza mtu wa namna hiyo. Marekani alikuwako mwanamke mmoja ambaye, kwa sababu ya ugonjwa wa nadra wa kurithi, amigdala zake zote mbili ziliharibika. Watafiti walimchunguza kwa miaka mingi, na taarifa zao muhimu zilitoka mwaka 1994 na mwaka 2011. Walimpeleka kwenye duka la nyoka na buibui wakubwa. Yeye, badala ya kurudi nyuma, alitaka kuwashika na kuwachezea, hata ikabidi azuiwe. Maishani mwake aliwahi kutishiwa kwa kisu na kwa bunduki, wala hakuona hofu kama waionavyo watu wengine.

Je, huyo alikuwa shujaa kupita wote? Sivyo. Alikuwa ni mtu aliyepungukiwa na kinga. Mara kwa mara alijikuta katika hatari kwa kuwa hakuwa na kengele ya kumwonya. Anafanana na yule kijana wa pili katika karakana. Kukosa hofu, basi, ni jambo moja, na ujasiri ni jambo jingine.

Mtaalamu wa saikolojia, S. J. Rachman, aliutilia mkazo utofauti huo katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu hofu na ujasiri. Baadaye yeye na wenzake waliwachunguza askari wa Uingereza waliofanya kazi ya kutegua mabomu. Kwa maoni yake, mtu aendeleaye na kazi ijapokuwa ana hofu ndiye hasa astahiliye kuitwa jasiri. Yule afanyaye bila ya hofu yoyote aitwe tu asiye na hofu.

Mwaka 2010 watafiti wa Israel walilitazama jambo hilo ndani ya ubongo wenyewe. Waliwachukua watu waogopao nyoka, wakawalaza katika mashine ipigayo picha za ubongo, na kuwapa uwezo wa kumsogeza karibu au kumpeleka mbali nyoka hai aliyewekwa kwenye mkanda wa kusafirishia. Watu walipojikaza wakamsogeza nyoka karibu huku wakiwa na hofu, sehemu moja iliyo upande wa mbele wa ubongo ilionekana kufanya kazi zaidi. Hofu ilipowashinda wakampeleka mbali, haikuwa hivyo. Yaani mtu anaposhinda hofu, ubongo wake una kazi halisi ufanyayo; si kwamba umelala tu bila ya kuona hatari.

Kwa hiyo tendo peke yake halitoshi kuwa kipimo cha ujasiri. Wanafunzi wawili waweza kusimama na kusoma ripoti ileile mbele ya shule nzima. Mmoja amezoea, na kwake ni kama kunywa maji. Mwingine magoti yanagongana. Tendo ni moja, lakini mzigo uliobebwa ni tofauti, na aliyebeba mzito zaidi ndiye aliyeonyesha ujasiri zaidi.

Kijana wa Magamba

Hofu si ya nyoka na misumeno tu. Iko hofu nyingine ambayo haikati kidole wala haitii sumu mwilini, lakini imewanyamazisha watu wengi: hofu ya kuchekwa. Historia ya sayansi ya Tanzania ina mfano wake mashuhuri.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, katika milima ya Usambara. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa inakwisha. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yasiyochemshwa; Mpemba naye, asije akakosa nafasi, aliyaweka yake yangali ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu walifungua. Ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alinyamaza kwa wakati huo, lakini hakulisahau. Baadaye alipata habari kwa rafiki yake aliyeuza aiskrimu Tanga kwamba wao nao hutumia njia hiyo ili igande upesi. Alipoingia Shule ya Mkwawa huko Iringa, na somo la kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu likafundishwa, aliuliza tena. Safari hii alidhihakiwa: aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si ya ulimwengu. Tangu hapo, kila alipokosea, wenzake waliligeuza jina lake kuwa utani.

Yafaa kusimama kidogo na kulipima jambo hili. Mwanafunzi huyu alikwisha kujibiwa mara mbili. Alijua kicheko kikoje, na alijua kwamba kinamngoja. Hata hivyo alijaribu mwenyewe kwa maji katika maabara ya shule. Kisha Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea Mkwawa na kuwakaribisha wanafunzi waulize, Mpemba aliuliza kwa mara ya tatu: vyombo viwili vya namna moja vikitiwa maji kiasi kilekile, kimoja yakiwa na joto la nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vyote vikawekwa katika jokofu, kwa nini ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake walicheka, na baadhi yao waliona kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne naye alishuku kwamba kijana amekosea. Lakini hakumdhihaki. Alimwuliza kama kweli amelifanya jaribio, akaahidi kulijaribu aliporudi Dar es Salaam. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta habari kwamba maji ya moto yalitangulia, akaongeza kwamba angerudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Majaribio zaidi yalifuata, na mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Tangu wakati huo jambo hilo hujulikana duniani kote kwa jina la mwanafunzi huyo.

Isidhaniwe kwamba ujasiri wa muulizaji ulilimaliza swali. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walieleza kwamba katika majaribio yao hawakuona ushahidi wa kutosha wa maji ya moto kupoa upesi zaidi, na kwamba kukosea mahali pa kuweka kipimajoto kwa sentimita moja tu kwaweza kuleta matokeo ya kudanganya. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer huko Kanada walionyesha kwa chembe ndogo sana iliyo ndani ya maji kwamba kitu chenye joto zaidi chaweza, kwa masharti maalumu, kupoa upesi kuliko chenye joto kidogo. Mjadala ungali unaendelea. Ujasiri haumfanyi mtu awe na haki katika kila asemalo; humwezesha tu kulileta swali lake mbele ya jaribio, nalo jaribio ndilo lihukumulo. Lakini swali lililozuiwa na hofu halifiki hata mbele ya hakimu.

Kwa nini kicheko kinatisha?

Mwanadamu ni kiumbe wa jamii, na kutengwa na wenzake ni hatari kwake. Mwaka 1951 Solomon Asch wa Marekani alieleza jaribio rahisi. Watu kadhaa waliambiwa walinganishe urefu wa mistari, jambo ambalo hata mtoto angeliweza. Wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepatana kwa siri watoe jibu lisilo sahihi. Yule mmoja, ijapokuwa aliuona mstari kwa macho yake, mara nyingi alitetereka: karibu theluthi moja ya majibu yaliyotolewa na watu wa namna yake yaliufuata uongo wa wengi. Lakini Asch aliona jambo jingine lenye faraja. Alipowekwa mwenzi mmoja tu aliyesema kweli, kuwafuata wengi kulipungua sana.

Mwalimu atafakari maana ya habari hii. Katika shule zetu mtoto huimaliza elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo yakifundishwa kwa Kiingereza. Hapo hofu huwa mbili: hofu ya kukosea jambo lenyewe na hofu ya kukosea lugha. Darasa likicheka mara moja, si yule mmoja tu anyamazaye. Wote waliokuwa wamejiandaa kuuliza hushusha mikono. Na mtu mmoja akisema, "Hata mimi sikuelewa hapo," mikono mingi hupanda. Mwenzi huyo mmoja aweza kuwa mwanafunzi. Aweza pia kuwa mwalimu, kama alivyokuwa Osborne.

Hofu hupunguzwa vipi?

Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mtaalamu wa Marekani, alitoa taarifa ya mtoto mdogo aliyeogopa sungura. Mtoto alipewa chakula akipendacho, huku sungura akiwekwa mbali chumbani. Siku baada ya siku alisogezwa karibu kidogo, hata mwishowe mtoto akamshika kwa mkono. Daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliijenga njia hiyo ya hatua kwa hatua ikawa tiba, akaichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1958.

Leo yajulikana kwamba katika njia hii hofu ya zamani haifutwi kabisa. Ubongo hujifunza jambo jipya juu yake: kwamba kitu kile kilikuja, na madhara yaliyotarajiwa hayakuja. Kwa sababu hiyo kukimbia kila mara huilisha hofu, kwa kuwa akimbiaye hapati nafasi ya kujifunza jambo hilo jipya. Kadhalika kumsukuma mtu ghafla kwenye kilele cha hofu yake kwaweza kumzidishia.

Fundi wa Keko aweza kuitumia kanuni hiyo hata kama hajawahi kuisoma. Kijana huanza kwa kushika ubao upande wa kupokelea, msumeno ukiwa mbali. Kisha hukata kwa msumeno wa mkono. Kisha hukata mbao laini kwenye mashine, fundi akiwa kando yake. Mwisho hukata peke yake. Darasani vivyo hivyo: mwanafunzi aandike swali kwenye karatasi, kisha alisome kwa jirani yake, kisha kwa kikundi cha watu wanne, ndipo asimame mbele ya wote.

Zoezi la darasani

Madhumuni ni kuona jinsi mwili unavyobadilika mtu anapojiandaa kusema mbele ya watu, na jinsi mazoea yanavyoupunguza msukosuko huo.

1. Kila mwanafunzi ahesabu mapigo ya mshipa wa kifundo cha mkono kwa sekunde 30, azidishe kwa 2, aandike. Awe ameketi kimya kwa dakika tano kabla ya kuhesabu.

2. Wanaojitolea wajiandae kueleza jambo moja la sayansi kwa dakika mbili. Wahesabu mapigo tena mara tu kabla ya kusimama, na mara tu baada ya kuketi.

3. Kila mmoja aandike pia kiasi cha hofu aliyoiona, kuanzia 0 mpaka 10.

4. Zoezi lirudiwe kwa siku tano, na kila mmoja achore grafu ya mapigo na ya hofu yake.

Mapigo peke yake si kipimo cha hofu. Aliyepanda ngazi mbio, na mshabiki anayeshangilia bao katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wote mapigo yao hupanda bila ya hofu. Ndiyo maana vipimo viwili huwekwa pamoja. Mwalimu asimlazimishe mtu, wala asitumie mnyama au hila yoyote ya kutisha. Na namba za kila mwanafunzi ni zake, zisitangazwe.

Maswali

1. Eleza kwa nini kinywa hukauka mtu anapoogopa.

2. Mwanamke aliyepoteza amigdala hakumwogopa nyoka. Mtu aogopaye nyoka alimsogeza karibu. Ni yupi aliyeonyesha ujasiri? Toa sababu.

3. Mpemba aliuliza swali lake mara tatu. Ni mara ipi iliyohitaji ujasiri mkubwa zaidi, na kwa nini?

4. Tayarisha jaribio la kulinganisha maji ya moto na ya baridi katika jokofu. Ni mambo gani yapasa kuwa sawa katika vyombo vyote viwili? Kwa nini jaribio lirudiwe mara nyingi?

5. Katika darasa lako, ni swali gani ambalo halijaulizwa mpaka leo kwa sababu ya hofu ya kicheko? Liandike.